Gunia la Kilo Arobaini

Siku za kazi mimi ni mwizi wa mshahara.
Saa moja asubuhi nafungua banda la bati pale Wacol,
navaa glavu, miwani, viatu vya ncha ya chuma,
kisha navunja nyumba zisizo nyumba:
mlango umesimama peke yake kwenye fremu ya mbao,
nyuma yake hakuna sebule, hakuna mbwa,
hakuna wa kupiga ukunga.

Kwanza kisu. Nakikokota juu ya wavu wa chuma cha pua,
palepale, mara tatu, kwa uzito uleule,
na wavu unalia kama uma kwenye sahani.
Ukikatika, naandika. Usipokatika, naandika.
Kisha bisibisi nene kando ya kitasa.
Kisha mtaimbo kwenye bawaba.
Kisha gunia.

Ni la ngozi, limeshiba mchanga, kilo arobaini,
linaning'inia kwenye mnyororo kama mgeni aliyelewa.
Tumelipa jina: Desmond.
Namvuta nyuma hadi alama nyekundu, namwachia.
Dii.
Mara tano. Paa linatetemeka,
na Barry Petschel, mshika karatasi, anakunywa chai bila kupepesa.
"Desmond kaamka vibaya leo," husema,
hata siku ambazo Desmond hakuamka kabisa.

Mlango namba kumi na saba ulifaulu yote.
Nikamnunulia mama,
kule Goodna, baada ya wezi kupita dirisha la bafu
wakabeba redio, sarafu za kopo la biskuti,
na saa ya baba iliyokufa kabla yake.
Niliufunga mwenyewe, skrubu kwa skrubu,
nikimtupia jicho kijana wa jirani, Tevita Fonua,
aliyekaa barazani na wenzake, mabega mapana kama kabati.
Nikapiga hesabu kimoyomoyo:
huyu ni magunia mangapi?

Januari, lami inanata kwenye viatu,
mama akateleza jikoni.
Nilimwona kupitia wavu,
amekatwakatwa viraba vidogo vidogo,
mguu mmoja umelala mguu usivyolala.
Funguo zilikuwa kwenye ndoana, ndani,
hatua nne kutoka mkononi mwake.

Nikaleta mtaimbo kutoka garini.
Najua milango inakoumwa:
najua kona inayolegea, najua skrubu inayokata tamaa mapema.
Huu haukuwa na pa kuumwa.
Niliuapia mimi, sahihi yangu iko chini ya ukurasa.
Nikasokomeza mtaimbo kwenye bawaba, ukateleza.
Nikarudi nyuma hatua sita,
nikawa Desmond, kilo sitini na mbili.
Dii.
Dii.
Kutoka sakafuni, sauti kavu:
"Lynette, unachubua rangi."

Sikumsikia Tevita akiruka uzio.
Nilisikia pumzi, nikageuka na mtaimbo juu.
Alinyoosha kiganja, taratibu,
kama anayemlisha farasi asiyemjua.
Ufunguo, kwenye kamba ya kiatu.
"Alinipa Oktoba," akasema. "Jumatano namtolea pipa la taka."

Kitasa kiligeuka kwa vidole viwili.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Hawakusema kikuokoacho kinakaa wapi,
na fomu yetu nayo haina kisanduku cha kukijaza.
Tevita alipiga magoti kwenye vigae vyenye supu,
akamwekea mama taulo chini ya kichwa,
akamuuliza kama amelipia ile kuku ya bahati nasibu ya kanisa.
Mama akasema bado. Mama akasema, nipe miwani yangu.
Mimi nilisimama mlangoni, bega likivimba,
nikiushika mlango usijifunge.

Jumatatu, Wacol. Mlango namba hamsini na tatu.
Nikamvuta Desmond hadi alama nyekundu
nikakaa naye hapo, mnyororo umekaza,
muda mrefu kuliko utaratibu unavyotaka,
hadi Barry akaniangalia juu ya kikombe.